Mulima ni wa nani? Somo kutoka kuta za mawe za Thimlich Ohinga



Katika kijarida hiki tumezoea kuwapa habari za mbegu, za mabati, za likelemba na za watoto waliorudi masomoni. Safari hii tunaomba nafasi kidogo kwa ajili ya historia. Sisi tunaotembea kwenye milima, kutoka Rubaya kwenda Kibabi, Ngungu na Matanda, kila tunapokaa na familia zilizorudi tunakuta swali moja mbele yetu: "Huu mulima ni ya nani? Nani alifikaka hapa wa kwanza?" Mmoja anaonyesha kaburi la babu yake. Mwingine anaonyesha mikaratusi iliyopandwa na baba yake. Wa tatu anatoa karatasi ambayo muhuri wake ulifutwa na mvua ya kambini. Wote wanasema ukweli, na bado hawapatani.

Swali la aina hiyo liliulizwa pia mahali pengine, kwenye kilima chenye kuta za mawe za zamani sana, na watu waliolijibu ni wataalamu wa arkeolojia, yaani wale wanaochimba udongo polepole ili wasome maisha ya watu waliotutangulia. Walichokuta kinaweza kutusaidia hapa kwetu. Hakitatoa hukumu ya shamba la mtu yeyote, lakini kinaweza kutufundisha kuuliza swali lililo bora zaidi. Basi tutoke kidogo Masisi, tuvuke Uganda, tufike Kenya.

MAHALI PENYEWE

Thimlich Ohinga iko kusini-magharibi mwa Kenya, katika kaunti ya Migori, si mbali na ziwa Viktoria. Kutoka mji wa Migori ni kilomita 46 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Jina ni la Kiluo. Ohinga ni boma kubwa la mawe. Thimlich ni msitu mnene wa kuogopesha. Kwa hiyo jina lenyewe linatuambia kwamba watu walipajua kama mahali pa mawe ndani ya pori zito.

Kwenye kilima hicho kuna maboma makubwa manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa na ndilo lililobaki imara zaidi. Kuta zake zina unene wa mita 1 mpaka mita 3, na mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Fikiria ukuta ambao mtu akisimama juu ya mabega ya mwenzake, bado haoni vizuri ndani.

Jambo la kushangaza ni namna ulivyojengwa. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hata udongo wa kubandika hakuna. Ni mawe matupu, ya ukubwa na umbo tofauti, yaliyookotwa palepale kilimani, maana eneo lile lina mawe mengi kama sisi tulivyo na majani ya ngombe. Mafundi waliinua ukuta wa nje na ukuta wa ndani, kisha nafasi ya katikati wakaijaza mawe madogo madogo ili ishike pande zote mbili. Hawakuchimba hata mtaro wa msingi. Nguvu ya ukuta inatoka katika kupanga: jiwe hili linashikwa na lile, na ukuta wenyewe hauendi moja kwa moja bali unajipinda, kwa sababu ukuta uliopinda hauanguki haraka kama ulionyooka. Mwenye kuwahi kuona mawe ya mtaro wa kuzuia mmomonyoko yakianguka baada ya mvua moja tu ya Aprili, anajua hiyo si kazi ya mtu mvivu.

Milango nayo ilifikiriwa. Ni myembamba na mifupi, na juu yake kuna mawe marefu yaliyolazwa kama dari. Anayeingia lazima ainame, na lazima aingie peke yake. Adui hawezi kukimbilia ndani na kundi lake. Mgeni naye, kwa kuinama, anaonekana vizuri na walinzi waliokaa karibu na mlango. Ndani kulikuwa na nyumba, mazizi ya ngombe na ya mbuzi, na vizuizi vidogo vya mawe vilivyogawa sehemu za familia. Wenye kusema Kinyarwanda kati yetu wataona mara moja mpango wa rugo: uzio, mlango mmoja unaojulikana, mifugo inalala ndani pamoja na watu.

Wataalamu wanaweka mwanzo wa maboma hayo katika karne ya 16. Ili tupate kipimo: ndiyo karne ambayo mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo, kule magharibi mwa nchi yetu, alikuwa akiandikiana barua na mfalme wa Ureno. Na Thimlich si peke yake. Katika eneo lile la kusini mwa Nyanza zimehesabiwa sehemu zaidi ya 130 zenye maboma ya mawe, na maboma yenyewe yote pamoja yanapita 500. Mengi yamebomoka. Thimlich ni lile lililobaki limesimama kuliko mengine, na ndiyo maana mwaka 2018 UNESCO ililiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

UDONGO ULISEMA NINI

Katika miaka ya 1960 mtaalamu Neville Chittick aliandika habari za maboma haya ya mawe. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Kenya wenyewe kama Simiyu Wandibba na Isaya Onjala waliyafanyia kazi kwa undani zaidi.

Kazi hiyo inafanyikaje? Wengi hapa Rubaya wanajua kuchimba, lakini kuchimba kwa arkeolojia ni kinyume cha kuchimba koltani. Mchimbaji wa koltani anatafuta kitu kimoja na kutupa kingine chote. Mtu wa arkeolojia hatupi kitu. Anapima kiwanja kidogo kwa kamba, anaondoa udongo kwa mwiko na burashi, tabaka moja kisha lingine, na kila kitu anachookota anaandika kilikuwa wapi na kwa kina gani. Kilicho chini kwa kawaida ni cha zamani kuliko kilicho juu. Kipande cha mkaa kutoka jiko la zamani kinapelekwa maabara, na kwa kupima kaboni iliyobaki ndani yake wanaweza kukadiria ni miaka mingapi tangu mti ule ukatwe. Kipande cha chungu kikitolewa mahali pake bila kuandikwa, kinabaki kipande tu. Kikiandikwa, kinakuwa shahidi.

Na mashahidi wa Thimlich walisema nini?

Vipande vya vyungu vilipatikana kwa wingi. Vyungu vinaonyesha mikono: namna ya kupamba mdomo wa chungu inafundishwa na mama kwa binti, au na fundi kwa mwanafunzi wake, kwa hiyo mapambo yakibadilika, mtafiti anajua kwamba huenda watu wapya wameingia au wameoana na wenyeji.

Mifupa ya wanyama ilipatikana pia. Mingi ni ya ngombe, mbuzi na kondoo. Hivyo tunajua kwamba walikuwa wafugaji, na kuta hazikuwekwa kwa ajili ya watu tu bali kwa ajili ya mali yenye miguu pia. Mwenye ngombe Masisi haitaji kuelezwa kwa nini. Lakini kulikuwa pia na mifupa ya wanyama wa pori na ya samaki, ishara kwamba waliwinda, na kwamba walikula kutoka ziwa.

Chuma kilionekana kwa mabaki yake: takataka nzito zinazobaki baada ya kuyeyusha, na vipande vya mabomba ya udongo ya kupitishia hewa ya mivukuto. Hapa palikuwa na mafundi. Jembe na mkuki vilitoka katika moto uleule.

Na kulikuwa na shanga za kioo. Kioo hakikutengenezwa kilimani pale. Shanga za namna hiyo zilikuja kutoka ng'ambo ya bahari ya Hindi, zikaingia pwani ya Waswahili, zikapita mkono kwa mkono, soko kwa soko, mpaka ndani ya bara. Basi hata watu waliojifungia nyuma ya ukuta wa mita 4 hawakuwa wamefungiwa na dunia. Walikuwa wanauza, wananunua, wanajua habari za mbali.

WALIOJENGA NA WALIOTENGENEZA

Sasa tufike kwenye swali letu. Maboma yale ni ya nani?

Leo watu wanaokaa kuzunguka Thimlich ni Waluo. Jina ni lao, hadithi ni zao, na kwa miaka mingi heshima na miiko ya wazee ilisaidia kulinda mahali pale. Lakini historia ya eneo lile inaonyesha kwamba kabla ya Waluo walipita watu wa lugha za Kibantu, na kwamba maboma yalikaliwa na jamii moja baada ya nyingine, kuanzia karne ya 16 mpaka mwanzo wa karne ya 20. Walikuja, wakakaa vizazi kadhaa, wakaondoka kwa sababu ya ukame, ya vita, ya magonjwa ya mifugo au ya kutafuta malisho. Wengine wakaja.

Tunaomba mtulie kidogo hapa, kwa sababu ndipo lilipo somo. Ukuta wa mawe bila saruji hauwezi kusimama miaka 400 peke yake. Mizizi inaingia kati ya mawe. Mbuzi wanapanda juu na kuangusha. Mvua inakula udongo wa chini. Ukuta kama huo usipotengenezwa kila mara, unakuwa rundo la mawe, kama yalivyo leo mengi kati ya yale maboma zaidi ya 500. Thimlich ilisimama kwa sababu kila waliofika walitengeneza kilichoharibika. Na walitengeneza kwa namna ileile waliyoikuta: ukuta wa nje, wa ndani, na mawe madogo katikati. Waliongeza sehemu mpya walipokuwa wengi, lakini hawakubomoa ya wenzao ili wajenge ya kwao.

Kwa hiyo ukiuliza Thimlich, "Nani alifikaka wa kwanza?", jibu linakwenda mbali, kwa watu ambao wajukuu wao huenda wako sehemu nyingine kabisa. Ukiuliza, "Nani alishika huu ukuta usianguke?", jibu linakuwa orodha ndefu, na ndani ya orodha hiyo kuna watu wa lugha tofauti ambao hawakuonana kamwe, kila mmoja akiweka jiwe juu ya jiwe la mwingine.

TUSIPAKE SUKARI

Hatutaki mtu atoke hapa akisema tumeandika hadithi ya watu waliopendana. Mtu hajengi ukuta wenye unene wa mita 3 kwa ajili ya uzuri. Watu wale walikuwa na hofu: hofu ya wezi wa ngombe, hofu ya jirani, hofu ya wanyama wa msitu. Mlango mfupi wa kuinama ni mlango wa mtu aliyewahi kushambuliwa. Sisi tuliolala miezi na miaka chini ya bashi huko Mugunga na Bulengo tunajua hofu hiyo ina ladha gani.

Lakini angalia pia mwisho wa maboma. Mwanzoni mwa karne ya 20, mambo yalipobadilika na vita vya kuibiana ngombe vilipopungua, watu walianza kutoka. Hakuna aliyewafukuza kwa bunduki. Waliona tu kwamba hawahitaji tena ukuta mzito hivyo, wakashuka na kujenga mahali palipo wazi, kila familia na mji wake. Badala ya mawe walipanda uzio wa mimea kama minyaa, ile ambayo wengine kwetu wanaiita miyenzi. Mpango wa nyumba, mlango na zizi ulibaki uleule mpaka katikati ya karne ya 20. Ukuta ukawa mwepesi, ukawa kitu kinachoota majani.

Sisi tunasoma jambo hilo hivi: usalama ukipatikana, watu wenyewe wanapunguza kuta. Usalama ukikosekana, hata miradi mia moja ya upatanisho haitazuia mtu kutafuta mawe ya kujifungia. Washirika wetu wanaotuuliza kwa nini kila raporti yetu inarudia neno "usalama" kabla ya neno "maendeleo" wanaweza kupata jibu pale.

WALIPOSEMA "SI WAO"

Kuna hatari nyingine katika kuuliza "nani wa kwanza", na mfano wake mkubwa uko kusini zaidi. Nchini Zimbabwe kuna magofu ya Great Zimbabwe, mji wa mawe ambao sehemu yake moja iko juu ya kilima chenye miamba na nyingine bondeni. Ulijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, vilevile bila saruji. Wazungu waliotawala nchi hiyo, waliyoiita Rhodesia, hawakutaka kukubali kwamba Waafrika waliweza kujenga kitu kama hicho. Walisema ni Wafoinike, ni watu wa malkia wa Sheba, ni yeyote tu asiye mwenyeji. Hesabu ilikuwa rahisi: kama babu zako hawakujenga hapa, basi na wewe ni mpita njia kama mimi, na udongo naweza kuuchukua.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba na kusema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alirudia uchunguzi na kufika kwenye jibu lilelile. Hata hivyo uongo uliendelea kufundishwa, na katika miaka ya utawala wa Ian Smith mtaalamu Peter Garlake aliyekataa kuukubali alilazimika kuondoka nchini. Uhuru ulipokuja mwaka 1980, wenyeji waliipa nchi yao jina la magofu yale. Mwaka uliofuata, 1981, Afrika Kusini ilirudisha sanamu kadhaa za ndege wa mawe zilizokuwa zimechukuliwa kutoka pale. Nao tunaweza kuwaita ni warudi.

Tumeleta mfano huo kwa sababu hapa Kivu tunajua vizuri ubaya wa historia inayoandikwa ili kumwambia jirani kwamba yeye si wa hapa. Wazee wetu wanaokumbuka mwaka 1993 wanajua maneno ya namna hiyo yalifikisha wapi. Historia ya kweli inaanzia kwenye ushahidi, kisha inakubali jibu hata kama halimpendezi mwenye nguvu. Ile nyingine inaanza na jibu, halafu inatafuta mawe ya kurusha.

NA SISI TUKO NA NINI?

Msomaji atasema: Kenya wako na Thimlich, Zimbabwe wako na mji wao, sisi wa Kivu ya Kaskazini tuko na nini zaidi ya migodi na vita? Tuko na Ishango.

Ishango iko ndani ya mbuga ya Virunga, kwenye mwinuko pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata makazi ya wavuvi wa zamani sana, na ncha za chusa zilizochongwa kwa mfupa. Akapata pia mfupa mdogo, mrefu kama kidole kirefu cha mkono kuzidi kidogo, wenye kipande cha kwarzi kilichochomekwa kwenye ncha. Juu ya mfupa huo kuna mistari midogo iliyochanjwa kwa mafungu, katika safu tatu. Una umri wa miaka 20,000 hivi. Wataalamu wengi wanauhesabu kati ya ushahidi wa zamani kabisa duniani wa watu kuweka hesabu. Wanabishana bado kama ni hesabu ya namba au ya siku za mwezi, lakini hakuna anayebisha kwamba mtu alikaa pale, katika jimbo letu, akachanja mistari ile kwa makusudi.

Mfupa huo hauko hapa. Uko Brussels, katika taasisi ya Ubelgiji ya sayansi ya viumbe. Mtoto wa Rubaya anaweza kumaliza sekondari bila kusikia jina lake, na hata akisikia, ili auone inabidi apate viza. Tofauti na Thimlich ni kubwa. Kule mawe yalibaki mahali pake kwa sababu ni mazito na kwa sababu majirani waliyaheshimu. Wanafunzi wanaenda kuyagusa. Kwetu kilichokuwa chepesi kilibebwa.

TUNAPENDEKEZA NINI

Hatukuandika haya ili tubaki tu na masikitiko. Tunaleta mambo matatu mbele ya mukutano wa wanamemba, na washirika nao wayasome.

La kwanza ni kuhusu vitu vya zamani vinavyopatikana shambani. Kwenye kulima, kuchimba choo, kuchimba mtaro au kuchimba madini, mtu anaweza kukuta vipande vya chungu, takataka nzito za chuma cha kale, jiwe la kusagia, au kaburi lisilojulikana. Mara nyingi jembe linavivunja na mtu anaendelea. Tunaomba asimamishe kazi hapo kwa muda, aache kitu mahali kilipo, aweke kijiti, kisha amwite kapita na mwalimu wa shule ya karibu. Mwenye simu apige picha, aandike tarehe na jina la mulima. Asimuuzie mpita njia. Kikitoka katika udongo bila kuandikwa, ushahidi wake umekwisha, hata kikitunzwa vizuri namna gani.

La pili ni daftari ya mulima. Tunataka kila mulima ambako familia zimerudi uwe na daftari moja, inayoandikwa mbele ya watu wote na si nyumbani kwa mtu mmoja. Ndani yake tusianze na swali la nani alifika wa kwanza. Tuanze na haya: nani alichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko? Nani alipanda ile mikaratusi ya juu? Chemchemi ilijengwa mwaka gani, na nani walibeba mawe? Njia ya kwenda soko ilifunguliwa kwa salongo ya watu gani? Wakati wa ukimbizi, nani alibaki akalima ili shamba lisirudi pori, na kwa makubaliano gani? Majina yote yaandikwe, ya waliorudi, ya waliobaki, ya waliohamia, na ya wale ambao hatuwapendi sana. Tumeona kwenye vikao vya usuluhishi kwamba watu wanaokataana juu ya mpaka wanaweza kukubaliana vizuri kabisa juu ya nani alijenga chemchemi. Hapo ndipo maneno yanaweza kuanzia.

La tatu ni onyo. Daftari hiyo isichukuliwe kuwa ni karatasi ya udongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya leta, na mwananchi anapewa haki ya kuutumia. Bwami nao wana desturi yao. Na mabishano ya mipaka yana njia yake, kuanzia barza ya kijiji mpaka tribinali. Mtu asije kesho kumfukuza jirani kwa kusema kijarida cha mutualite kimempa haki. Wala asije kumnyima mjane shamba lake kwa kusema historia inaonyesha milima inabadilisha wakaaji. Watu wa Thimlich walipokezana ukuta kwa muda wa miaka 400. Kupora shamba la mtu aliyekimbia risasi mwaka juzi ni jambo lingine kabisa, na jina lake linajulikana.

Kwa washirika wetu, tunachoomba si pesa nyingi. Ni daftari ngumu zisizoogopa mvua, kalamu, mafuta ya pikipiki ya kufikia wazee walio mbali, na muda. Hasa muda, kwa sababu muzee wa miaka 80 anayekumbuka nani alipanda miti gani hatungoji mpaka mwisho wa bajeti ya mwaka kesho. Mradi wa miezi sita unaotaka matokeo kwa namba unaweza kuhesabu mitaro iliyochimbwa. Tunaomba uhesabu pia majina yaliyoandikwa ya walioichimba.

Katika mukutano ujao wa mutualite, kila lokalite ije na majina ya wazee watatu, wanaume na wanawake, wanaoweza kueleza kazi zilizofanyika kwenye mulima wao. Wamama wasisahauliwe: mara nyingi ndio wanaojua chemchemi, mbegu na mipaka ya bustani kuliko sisi wote. Tutaanza na milima miwili au mitatu, ile ambayo pande zote zinakubali, kisha tutaleta matokeo hapa hapa, katika kijarida hiki.